MRI ya matiti: sumaku inaona nini ambacho eksirei haioni?

Unaoga asubuhi, mkono unagusa kivimbe kwenye titi. Jirani yako hapa Kawe anakwambia, "Shoga, usihangaike na vipimo vidogo, kapige MRI kabisa." Je, yuko sahihi? Nusunusu. Hebu tuone.

Tuanze na mamografia, yaani eksirei ya titi. Kwenye picha, mafuta hutoka meusi na tishu nzito hutoka nyeupe. Shida ni kwamba saratani nayo hutoka nyeupe. Wanawake wengi wenye umri mdogo wana tishu nzito, kwa hiyo ni kama kutafuta chumvi kwenye sukari.

MRI haitumii eksirei. Inatumia mawimbi ya redio na sumaku, mara nyingi ya Tesla 1.5, yenye nguvu zaidi ya mara 20,000 ya usumaku wa dunia. Viini vya haidrojeni kwenye maji na mafuta ya mwili vinaamshwa, na vikitulia vinatoa ishara ambayo kompyuta inaigeuza picha.

Unalala kifudifudi, unachomwa dawa yenye gadolini mshipani, picha zinarudiwa kila baada ya dakika moja au mbili. Saratani hujijengea mishipa ya damu harakaharaka, na mishipa hiyo huvuja. Ndiyo maana dawa huingia upesi na mara nyingi hutoka upesi.

Mbinu nyingine hupima maji yanavyotembea. Fikiria daladala ya Kawe saa kumi na mbili jioni: hata kugeuka huwezi. Seli za saratani zimebanana hivyohivyo, na maji hayana pa kwenda.

Lakini vivimbe visivyo saratani navyo huweza kung'aa. Jibu la mwisho hutoka maabara, baada ya kinyama kuchukuliwa kwa sindano na kutazamwa kwa hadubini. MRI ni ya kesi maalumu: waliorithi jeni ya hatari kama BRCA1, au kujua saratani iliyothibitishwa imeenea kiasi gani.

Tanzania wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Kinachotuumiza zaidi ni muda. Kwa hiyo anzia kituo cha afya cha karibu: uchunguzwe kwa mkono, altrasaundi, kisha kinyama. Ukipewa rufaa ya Muhimbili au Ocean Road, nenda. Na usisubiri maumivu, maana saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi.