Net Inakatika Kila Saa Garsen? Cheki Hizi Vitu Kabla Utupe Ruta

Uko keja Garsen, saa nne usiku. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kuchagua kozi kwa KUCCPS, umebakisha kubonyeza mara moja tu, halafu net inapotea. Unazima ruta, unawasha, inarudi dakika mbili, inaenda tena. Manze, hiyo ni noma. Lakini kabla utoe doh ya ruta mpya, tuliza boli. Net haikatiki bila sababu, na sababu nyingi unaweza kuzipata mwenyewe bila fundi.

Kwanza elewa hivi. Wasee wengi wa Nairobi na Mombasa wako na waya umefika hadi ndani ya nyumba. Huku kwetu, kuanzia Minjila hadi Tarasaa na Kipini, wengi tunategemea ruta yenye laini ndani, inadaka net kutoka kwa mlingoti wa simu. Kwa hivyo njia iko na vipande viwili: simu yako hadi ruta, kisha ruta hadi mlingoti. Kazi yako ni kujua inakatikia wapi.

Test ni rahisi. Net ikipotea, usiguse ruta. Zima data ya simu, baki kwa waifai, fungua brauza uandike ile anwani iko kwa stika chini ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.8.1 ama 192.168.1.1. Ukurasa ukifunguka, waifai yako iko poa, shida iko kati ya ruta na mlingoti. Ukikataa, shida iko hapo ndani ya nyumba.

Kama ni ndani, anza na stima. Angalia taa za ruta wakati net inapotea. Zikizima zote na kuwaka upya, hiyo ni umeme. Soketi imelegea, ama adapta imechoka. Ukinunua adapta nyingine, volti zilingane na zile zimeandikwa kwa ruta, na ampea zisipungue. Usichukue yoyote tu juu imeingia kwa tundu.

Halafu kuna joto. Jua la Garsen unalijua. Ruta imewekwa juu ya kabati, chini ya mabati, na ukaifunika na kitambaa cha mama? Lazima ichemke, na ikichemka inajizima ama inakuwa slow. Itoe hapo ipate hewa.

Kama taa ziko sawa na ruta haijachemka, cheki umbali. Waifai ya 5 GHz ina mbio lakini ukuta unaimaliza haraka. Ukiwa chumba cha mbali, hamia 2.4 GHz.

Sasa, kama shida ni mlingoti, kwa ule ukurasa wa ruta tafuta namba inaitwa RSRP. Iko na alama ya kutoa, na ikikaribia sufuri ndiyo poa. -85 ni nzuri. -110 kwenda chini, hapo utalia tu. Beba ruta uizungushe nyumbani: dirisha hili, dirisha lile, juu zaidi. Kila mahali ngoja dakika moja usome namba. Delta ni tambarare, hatuna milima ya kuzuia, lakini mwembe mkubwa mbele ya dirisha unakula signal, na majani yakilowa mvua ndiyo mbaya zaidi.

Usisahau kucheki bundle. Vifurushi vingine vya nyumbani vikifika kikomo havikati, vinapunguza spidi, na wewe unadhani ruta imekufa.

Baada ya hapo, chukua daftari. Siku tatu, andika saa net inapotea. Ikisumbua saa mbili usiku lakini alfajiri inapaa, mlingoti umejaa watu, na ruta mpya haitakusaidia. Pakua vitu vizito asubuhi. Ikipotea saa chache baada ya stima kwenda mtaa mzima, huenda betri za mlingoti zimeisha. Hapo hata ukiwa na UPS ndogo ya ruta, utabaki na taa za kuangalia tu.

Na kuna siku kosa si la mtu yeyote mtaani. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na net ikalemaa Afrika Mashariki nzima. Siku kama hiyo, uliza jirani mwenye mtandao tofauti. Kama nyote mnalia, wacha ruta ipumzike.

Kitu moja usifanye: kubonyeza kile kitundu cha reset na pini ovyo ovyo. Hiyo inafuta setingi zote, jina la waifai na paswadi. Kuzima na kuwasha kwa kawaida kunatosha.

Ukipigia kampuni yako simu, wasomee hiyo daftari: saa, namba za RSRP, taa zilivyokuwa. Ukisema tu "net ni mbaya", utaambiwa uzime na uwashe. Wakikuzungusha bila suluhisho, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Na hiyo fomu ya KUCCPS? Weka laini ya mtandao mwingine kwa simu, washa hotspot, itume leo. Ruta utairekebisha kesho.