Hewa ya Buleusa Ingewekwa Kundi Gani?

Kampuni ya Uswisi IQAir ilipotoa ripoti yake kuhusu hewa ya dunia kwa mwaka 2024, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilishika nafasi ya nne kati ya nchi zenye hewa chafu zaidi, nyuma ya Chad, Bangladesh na Pakistan. Wastani wake wa mwaka uliandikwa kuwa mikrogramu 58.2 za chembechembe laini katika kila mita ya ujazo ya hewa. Chembechembe hizo, ambazo wataalamu huziita PM2.5, hazifiki hata sehemu ya ishirini ya unene wa unywele. Kwa udogo huo hazinaswi puani. Hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hupenya zikaingia kwenye damu. Tangu Septemba 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5.

Mtu wa Buleusa, kule Walikale katika mkoa wa Kivu Kaskazini, ana haki ya kuuliza: hiyo 58.2 ni hewa ya nani? Katika ripoti ileile, wastani wa mji wa Kinshasa nao ni 58.2. Vipimo vya mji mmoja vimevishwa bendera ya nchi nzima. Kutoka Kinshasa hadi Buleusa ni takriban kilomita 1,500 kwa ndege, na katikati kuna msitu, mito, na watu wengi ambao hewa yao haijawahi kupita kwenye kifaa chochote. Huenda hewa ya Buleusa ni safi kuliko ya Kinshasa. Huenda kuna saa za siku ambapo ni mbaya zaidi. Namba ya taifa haisemi lolote juu ya hilo.

Kuna nchi ambayo sheria yake hairuhusu swali kama hili libaki wazi bila kikomo. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani inaifunga serikali kwa kalenda. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la huko, EPA, likitangaza kiwango kipya cha hewa, magavana wa majimbo wanapewa muda usiozidi mwaka mmoja kupendekeza kila eneo liingie kundi gani: lililotimiza kiwango, lisilotimiza, au lisiloweza kuainishwa kwa sababu taarifa hazitoshi. Mwaka wa pili ukiisha, EPA yenyewe lazima iwe imetoa uamuzi. Taarifa zikipungua inaweza kujiongezea mwaka mmoja, basi. Eneo likiingia kundi la pili, jimbo linadaiwa mpango wa kusafisha hewa, na kiwanda kipya hakijengwi hapo kwa masharti ya kawaida.

Tarehe hizo zina meno kwa sababu raia anaweza kuzipeleka mahakamani. Tarehe 1 Oktoba 2015 kiwango cha ozoni kilishushwa hadi sehemu 70 kwa kila bilioni. Miaka miwili ikapita, kazi ya kuainisha ikiwa haijakamilika. Majimbo kadhaa na mashirika ya mazingira yakafungua kesi, na Machi 2018 jaji wa shirikisho huko California akaiamuru EPA imalize ifikapo 30 Aprili mwaka huo, isipokuwa eneo la San Antonio lililoongezewa miezi michache. Jaji hakuulizwa kama ozoni ni mbaya. Aliulizwa tarehe imepita au haijapita, na hilo ni swali ambalo hata serikali yenye mawakili wengi haiwezi kulizungusha.

Lakini ndani ya kalenda hiyo kuna hesabu ambayo ndiyo kiini cha jambo lote, hasa ukiitazama kutoka Kivu. Eneo la Marekani halihukumiwi kwa vipimo vya wiki wala vya mwaka mmoja; kwa PM2.5 na kwa dioksidi ya salfa huchukuliwa wastani wa miaka mitatu mfululizo. Sheria inatoa miaka miwili, kipimo kinadai mitatu. Maana yake ni kwamba tarehe ya mwisho inatimizika tu pale ambapo kifaa kilikuwa kimeshasimama na kufanya kazi kabla kiwango hakijatangazwa.

Wamarekani wenyewe walijikwaa hapo. Mwaka 2010 EPA ilitangaza kiwango cha saa moja cha dioksidi ya salfa, sehemu 75 kwa kila bilioni. Mwaka 2013 ilitaja maeneo 29 yaliyovuka kiwango, na kuhusu sehemu kubwa ya nchi ikanyamaza. Mitambo mingi mikubwa ya makaa ya mawe, inayotoa gesi hiyo kwa wingi, haikuwa na kifaa cha kupimia jirani yake. Mashirika ya mazingira ya Sierra Club na NRDC yakaenda mahakamani, na tarehe 2 Machi 2015 zikaidhinishwa tarehe tatu mpya: 2 Julai 2016, 31 Desemba 2017 na 31 Desemba 2020. Tazama ile ya tatu. EPA iliyataka majimbo yachague: ama yakadirie hewa inayozunguka mitambo hiyo kwa programu za kompyuta, ama yasimike vifaa viwe vinafanya kazi ifikapo 1 Januari 2017. Vipimo vya 2017, 2018 na 2019 vikikamilika, 2020 unabaki kuwa mwaka wa kuamua. Tarehe iliyobeba mzigo ni ile ya Januari 2017, siku ambayo fundi alitakiwa awe ameshamaliza kuunganisha nyaya.

Lile kundi la tatu nalo lina mtego. Eneo lisiloweza kuainishwa, kwa taratibu za vibali vya viwanda vya Marekani, hushughulikiwa sawa na eneo lililotimiza kiwango. Asiyepimwa anahesabiwa msafi. Kwa Marekani, yenye maelfu ya vifaa, hasara ya kanuni hiyo ina mipaka. Ihamishie Kivu Kaskazini, uone itakavyofanya: karibu mkoa wote ungepata cheti cha usafi siku hiyohiyo, mlima wa Nyiragongo ukiwa unatoa moshi.

Gesi iliyowasumbua Wamarekani ni ileile inayotoka kwenye volkano zetu. Nyiragongo na Nyamulagira, zilizo kaskazini mwa Goma, hutoa dioksidi ya salfa kwa sababu miamba iliyoyeyuka inapopanda na shinikizo kupungua, gesi zilizokuwa zimeyeyuka ndani yake huachiliwa. Upepo wa eneo hilo huvuma zaidi kutoka mashariki, kwa hiyo moshi mara nyingi huegemea magharibi, upande wa Masisi. Nyamulagira ilipolipuka Januari 2010, watafiti walichunguza maji ya mvua, ambayo ndiyo maji ya kunywa ya kaya nyingi za pale, na wakaona jinsi moshi ule ulivyobadilisha kemia yake, floridi ikiwemo. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, hufuatilia milima hiyo, na setilaiti ya Ulaya Sentinel-5P, iliyorushwa Oktoba 2017, huipiga picha gesi hiyo kila siku kutoka angani. Kwa hiyo si kweli kwamba hatuna macho kabisa. Ila setilaiti huhesabu gesi yote iliyo kati ya ardhi na anga, haiwezi kukueleza ni kiasi gani kiko kwenye kimo cha pua ya mtoto anayekwenda shule.

Sheria ya Marekani ina jibu kwa volkano: jimbo likithibitisha kwamba kipimo kilipanda kwa sababu ya tukio la asili, kama moshi wa Kilauea huko Hawaii, kipimo hicho kinaweza kutolewa kwenye hesabu. Kisheria naielewa, kwani huwezi kuuadhibu mlima. Mapafu ya watu wa Masisi hayana kifungu hicho.

Sasa tuchukulie kwamba Kongo imeamua kuiga. Sheria yake namba 11/009 ya 9 Julai 2011 inaweka kanuni za msingi za kulinda mazingira, lakini haina saa ya kuainisha maeneo kama ile ya Marekani. Majirani wamekwenda hatua nyingine: Tanzania ilitunga kanuni za viwango vya hewa mwaka 2007, Kenya 2014, Rwanda ikapitisha sheria ya hewa 2016, Uganda ikatoa kanuni zake 2024. Kampala, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukitengeneza vifaa vya bei nafuu tangu 2015, vinavyoweza kutumia umeme wa jua na kutuma vipimo kwa mtandao wa simu. Kifaa cha aina hiyo ndicho kingefaa Buleusa. Hufanya kazi kwa kumulika hewa kwa mwanga wa leza na kusoma jinsi chembechembe zinavyoutawanya. Hapo ndipo msitu unapoleta kero: unyevu ukizidi, chembechembe hunyonya maji na kuvimba, na kifaa huona uchafu mwingi kuliko uliopo. Lazima kipimwe kwanza kando ya kifaa cha kitaalamu, katika unyevu wa huko huko.

Hata hilo si gumu kama sharti la ukamilifu. Marekani hudai angalau asilimia 75 ya vipimo katika kila robo mwaka, kwa miaka yote mitatu. Robo kumi na mbili mfululizo. Watu wa Buleusa wamewahi kukimbia vita na kurudi na kukimbia tena. Machi 2025 waasi wa M23 waliiteka Walikale-centre, na wiki chache baadaye wakaondoka. Betri ya jua ni mali, na mali haibaki juu ya paa wakati wenye nyumba wako msituni. Kwa kipimo cha Washington, hewa ya Walikale ingebaki isiyoainishika kwa sababu ya bunduki, na hakuna fomu yenye kisanduku cha sababu hiyo.

Tena kifaa chenyewe kingekuwa nje, juu ya paa la kituo cha afya au shule. Kwa sheria ya Marekani, hewa inayohukumiwa ni ile ya nje ya majengo ambayo umma unaifikia. Kwenye vijiji vya Walikale moshi mwingi uko ndani, kwenye mafiga matatu, kuni mbichi wakati wa mvua, mama akichochea na mtoto mgongoni. Katika jiko la namna hiyo vipimo vya PM2.5 hufika mamia ya mikrogramu wakati wa kupika. WHO inakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 wa chini ya miaka mitano. Ukiainisha hewa ya paa peke yake, Buleusa inaweza kuitwa safi huku wanawake wake wakikohoa.

Kuainisha bila saa ya hatua inayofuata nako kuna mfano wake, Afrika Kusini. Highveld, eneo la mitambo ya makaa ya mawe ya shirika la umeme la Eskom, lilitangazwa kuwa eneo la kipaumbele Novemba 2007. Mpango wake ulitoka 2012. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria ikasema hewa ile inavunja haki ya kikatiba ya raia, na waziri anapaswa kutunga kanuni za kuutekeleza mpango. Kanuni zikatoka 2024, miaka kumi na saba baada ya tangazo.

Kwa hiyo mbunge wa Kivu Kaskazini akitaka kuandika muswada, ningemshauri aanze na tarehe ya fundi, kisha ya jiko, na ya waziri iwe ya mwisho. Vifaa viwe vimewashwa lini, Goma, Sake, Masisi, Walikale na Buleusa. Vingapi vikae ndani ya majiko. Robo mwaka iliyokatizwa na vita ihesabiweje, maana itakatizwa. Vikiwashwa 1 Januari 2027 na visizimike hata robo moja, hukumu ya kwanza ya miaka mitatu haiwezi kutoka kabla ya mwanzo wa 2030.