Kutoka Mbio Fupi Hadi Maili

Maili moja ni meta 1609: mizunguko minne ya uwanja wa meta 400, na meta tisa za ziada. Aliyezoea meta 100 huanza kwa kuwaacha wenzake wote. Katika mzunguko wa tatu miguu humwia mizito kama magogo. Watazamaji husema hana moyo. Kosa si la moyo.

Meta 100 hukimbiwa karibu zote kwa nguvu iliyokwisha kuwekwa akiba ndani ya misuli. Maili huchukua dakika kadhaa, na sehemu kubwa ya nguvu yake huhitaji oksijeni. Anayetangulia kwa kasi mno huingia deni la pumzi ambalo atalilipa kabla ya kufika.

Afanye nini? Kwanza, akimbie polepole siku tatu au nne kwa juma, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza. Hapa wengi huona haya, lakini ndipo pumzi hujengwa. Pili, siku moja akimbie meta 400 mara sita, akipumzika dakika mbili kila mara. Anayetaka kumaliza maili kwa dakika sita apite kila mzunguko kwa sekunde 89, si 75. Tatu, asiache kabisa mbio zake fupi: kasi hiyo ndiyo itakayomfaa mwishoni.

Tarehe 6 Mei 1954, mjini Oxford, hata Roger Bannister alimpigia kelele Chris Brasher, aliyemwongoza, aongeze mwendo. Brasher hakuongeza. Bannister alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 59.4, mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika nne.