Dawa ya kuzuia kutapika ina mipaka yake

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kidonge ambacho wengi wetu tumepata kukimeza bila hata kuuliza jina lake. Tumbo limejaa, chakula hakishuki, kichefuchefu kinapanda hadi kooni. Mtu anakwenda dukani, anasema “nipe ya kuzuia kutapika”, anapewa. Yamekwisha.

Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu alinigongea mlango saa nne usiku. Nilipofika kwake nilimkuta binti yake wa miaka 17 ameketi mkekani, shingo imepinda hadi begani, macho yamegeuka juu, taya limekaza. Bibi yake alikwisha agiza ubani, kwani kwa maoni yake mtoto amepandisha. Mjomba alishikilia kuwa ni pepopunda. Lakini binti mwenyewe alikuwa na akili zake timamu. Alitusikia, na kila tulipobishana alikuwa akinyoosha kidole kwenye kipande cha gazeti juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na vidonge vilivyosalia. Alivinunua jana yake bila cheti cha daktari, akaambiwa ameze kimoja mara tatu kwa siku. Alipoona kichefuchefu hakiishi, akawa anameza viwili viwili.

Hospitali tulikofika, daktari wa zamu hakutaka hadithi ndefu. Aliuliza kameza nini, akavitazama vile vidonge, akamchoma sindano ya kulegeza ule mkazo. Haikutimia saa nzima shingo ikarudi mahali pake. Bibi aliduwaa.

Dawa hiyo ni metoklopramidi. Kwenye pakiti utaona imeandikwa metoclopramide, nayo huuzwa kwa majina mbalimbali ya biashara, kama vile Plasil na Maxolon. Wingi huo wa majina nao ni mtego, maana mtu anaweza kumeza kutoka pakiti mbili akidhani ni dawa mbili, kumbe ni ile ile.

Inafanya kazi gani? Kwanza, huuchochea mfuko wa chakula usukume kilichomo kwenda kwenye utumbo mdogo. Pili, huingia katika ubongo. Huko kuna sehemu inayopokea habari kwamba mwilini mna jambo baya, nayo ikatoa amri ya kutapika. Habari hizo hupitishwa, pamoja na njia nyingine, na kemikali iitwayo dopamini, na dawa hii huizuia. Sasa basi, dopamini hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kuratibu mwendo wa misuli yetu. Ukiizuia huku, unaweza kuigusa na kule. Ndipo shingo inapopinda na ulimi kutoka nje.

Jambo hili halimpati kila mtu. Maelezo rasmi ya dawa hii nchini Marekani yanakadiria mgonjwa mmoja kati ya 500, kwa watu wazima wanaotumia miligramu 30 hadi 40 kwa siku. Watoto na vijana walio chini ya miaka 30 ndio wanaoathirika zaidi, na aghalabu hutokea katika siku mbili za mwanzo. Tena laweza kutokea hata kwa aliyefuata kipimo sawasawa, kwa hiyo tusiwe wepesi wa kumlaumu mgonjwa. La muhimu ni kuacha dawa, kumpeleka hospitali upesi, na kwenda na pakiti mkononi. Bila pakiti, daktari naye anaweza kupoteza muda akitafuta pepopunda au kifafa.

Madhara mengine huja polepole, na mimi ndiyo ninayoyaogopa zaidi. Mtu anayemeza dawa hii miezi na miezi, hasa mzee, na zaidi mwanamke au mwenye kisukari, anaweza kuanza kutafuna bila kuwa na kitu mdomoni, kulamba midomo, kukonyeza macho pasipo kutaka. Hali hiyo inaweza isiondoke hata dawa ikiachwa. Ndiyo sababu mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liwekwe, kwamba isitumike zaidi ya wiki 12. Mwaka 2013 wakala wa dawa wa Ulaya akakaza zaidi: kwa mtu mzima isizidi siku tano, wala miligramu 30 kwa siku, yaani kidonge cha miligramu 10 mara tatu, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Tena Wazungu hao walisema isitumike kwa kiungulia na tumbo kujaa kwa muda mrefu, jambo ambalo kwetu ndilo linalowapeleka wengi dukani.

Kati ya dozi na dozi zipite saa sita, hata kama umetapika kidonge. Usiongeze kingine kwa kukisia. Dawa hii huleta usingizi, kwa hiyo dereva ajihadhari, na pombe iwekwe kando. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa figo, na anayetumia dawa za magonjwa ya akili kama haloperidol, amwambie daktari kabla ya kuandikiwa. Mama mjamzito naye asijinunulie, ingawa daktari akiona inafaa anaweza kumpa.

Lakini hebu tujiulize, kwa nini mtu anatapika? Katika nchi zetu, homa pamoja na kutapika hudai kipimo cha malaria kabla ya jambo lolote. Mtoto anayeharisha na kutapika anahitaji ORS, anyweshwe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika kila anachopewa, hiyo ni dalili ya hatari na safari ni ya hospitali. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, au ambaye tumbo limevimba na hapati choo wala kutoa upepo, asiguse dawa hii hata kidogo. Tumbo lililoziba au kutoboka halitaki kuchochewa.

Binti wa jirani yangu sasa ni mama wa watoto wawili. Kiungulia chake kilipochunguzwa kilikutwa ni vidonda vya tumbo, akatibiwa vikapona. Kwenye jalada la daftari lake la kliniki ameandika kwa wino mwekundu jina la ile dawa, na kila anapokwenda kutibiwa humwonyesha mhudumu kabla hajakaa kitini.