Je, Wajua? Skeli yenye miruko miwili

Mwanakwaya anayesoma do-re-mi anaweza kuiimba skeli iitwayo maina ya Kihungari. Aanze na maina ya kawaida: la, ti, do, re, mi, fa, so, la. Kisha apandishe re na so kwa nusu toni.

Sasa do na re zimeachana kwa toni moja na nusu, na fa na so vilevile. Ladha yote imo katika miruko hiyo miwili.

Mtunzi Franz Liszt (1811–1886), mzaliwa wa Hungaria, aliitumia skeli hii katika Rapsodi zake za Kihungari, akivutiwa na wapiga fidla wa jamii ya Waroma.

Mpenzi wa taarab hatashangaa. Maqam ya Hijaz, skeli inayosikika katika taarab na yenye asili ya Uarabuni, ina mruko kama huo kati ya noti ya pili na ya tatu.