Wanacheza Nini Darasa la Kwanza?

Mtoto akirudi kutoka shule, mama humwuliza, "Haya, leo mmesoma nini?" Mtoto, huku akivua viatu, hujibu, "Hatukusoma. Tumeimba, tumehesabu vizibo, halafu tukanywa uji." Hapo ndipo baadhi ya akina mama huanza kuguna. Sare imeshonwa, madaftari yamenunuliwa, na mtoto anasema ameimba! Wengine hufikia hata kumhamisha, wakampeleka mahali ambako, ati, watoto wa miaka sita hunakili kurasa tatu kila siku.

Kabla hujafika huko, mama, ni vizuri ujue yanayofanyika ndani ya darasa la kwanza, maana hayafanani na yale unayoyakumbuka ya darasa la tano au la saba.

Siku yao huanza kabla ya kengele. Kuna uwanja wa kufagia, kuna mstari, na kuna ukaguzi wa kucha na nywele. Wakiingia darasani humwamkia mwalimu kwa sauti moja, kisha majina huitwa. Usidhani kwamba kuita majina ni kuhesabu vichwa tu. Mwalimu mzuri hutumia dakika hizo kumjua aliyekosa siku ya tatu mfululizo, anayejibu kwa sauti ndogo kuliko jana, na aliyekuja bila kutia kitu tumboni.

Baada ya hapo mambo hufuatana kwa mpango ule ule kila siku. Kwa nini? Kwa sababu mtoto wa umri huo hawezi kushika maagizo mengi kwa pamoja. "Toa daftari, fungua ukurasa mpya, andika tarehe." Hayo ni maagizo matatu, na asiyeyazoea atakuwa amekwisha kulisahau la tatu kabla hajalipata daftari lenyewe. Akishayazoea huyafanya bila kufikiri, na akili yake hubaki huru kwa ajili ya somo. Ndiyo maana wiki za mwanzo nyingi huishia katika kujifunza kukaa, kunyoosha mkono, kugawa penseli na kupanga madaftari. Mama akilifungua daftari mwezi wa pili na kulikuta jeupe, husema mwalimu ni mvivu. Huenda mwalimu huyo amefanya kazi kubwa kuliko yule aliyejaza kurasa.

Na tusisahau wingi wa watoto. Tangu Januari 2016, Tanzania ilipofuta michango ya lazima katika shule za msingi za serikali, madarasa mengi yalifurika, na si ajabu kumkuta mwalimu mmoja mbele ya watoto 80 au zaidi. Mwalimu huyo hawezi kusema na kila mmoja. Hupiga makofi mara tatu, watoto wakaitikia kwa makofi mawili, na midomo yote ikafumba. Huwaweka katika vikundi vya Simba, Twiga na Tembo, kila kikundi na kiongozi wake wa kukusanya madaftari. Anayejibu vizuri hupigiwa makofi ya kilo. Mpita njia huona ni mchezo, kumbe bila hayo hakuna somo litakalosikika.

Sauti kwanza

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 uliweka mkazo katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Katika kusoma, mtoto huanza na sauti ya herufi, si jina lake. Herufi m husemwa kwa kufumba midomo na kuvuma. Sasa akifika nyumbani, dada yake wa darasa la sita humwambia hiyo ni "em", baba humwambia ni "ma", na mtoto hubaki ameduwaa. Ni afadhali mama umwombe yeye akufundishe jinsi mwalimu anavyoitamka, nanyi nyote mfuate hivyo hivyo.

Lugha yetu inamsaidia sana mtoto. Irabu ni tano tu, na kila moja husomwa namna moja popote ilipo. Aliyeshika ka, ke, ki, ko, ku hasumbuki na kaka wala kuku. Mbwa, nywele na ng'ombe zina zamu yao baadaye, msimharakishe.

Lakini hapa pana hatari ambayo akina mama wengi hawaioni. Kuna mtoto anayenakili ubao kwa mwandiko wa kupendeza na kuusoma ukurasa wote bila kukwama, kumbe ameukariri kwa kuwasikiliza wenzake. Mjaribu. Funika ukurasa kwa mkono, acha neno moja la katikati, umwulize ni nini. Au mwonyeshe neno fupi kwenye mfuko wa unga, au katika kitabu cha nyimbo kanisani. Akikutazama usoni badala ya kulitazama neno, bado hajajua kusoma. Jambo hili likigunduliwa mapema hurekebishika. Likiachwa, mtoto hufika darasa la tatu, ambako vitabu vya masomo yote huchukulia kwamba msomaji anajua kusoma, akaanza kuitwa mzito.

Vizibo navyo si mchezo mtupu. Mtoto hufunga vijiti kumi kwa mpira, akaweka vitatu kando, akaona kwa macho kumi na tatu ni kitu gani. Asiyepitia hapo husikia "kumi na tatu" akaandika 103, na kwa masikio yake amesikia sawasawa! Basi usimnyang'anye vijiti kwa kudhani vinamchelewesha.

Kuhusu mwandiko, kugeuza b kuwa d au kuandika 3 kinyumenyume ni kawaida katika umri huu. Anayetumia mkono wa kushoto aachwe nao. Wala sipendi hata kidogo desturi ya mama kufuta kazi ya mtoto na kuiandika upya ili apate vema. Mwalimu akiona vema kumi hataona sababu ya kurudia somo, na anayeumia ni mtoto.

Nyumbani saidia kwa kuweka utaratibu nako: mkoba mahali pamoja, penseli ichongwe jioni, kulala mapema. Na badala ya kumwuliza amesoma nini, mwulize mwalimu aliandika nini ubaoni leo, na yeye alikaa wapi. Ukisikia "nilimwangalizia jirani", usikimbilie kumkaripia kwa uvivu. Huenda amekaa nyuma na haoni.

Mwendee mwalimu, si wakati wa mstari wala katikati ya kipindi, bali watoto wadogo wakisharuhusiwa. Mwenye watoto 80 huenda hajapata hata mara moja kumsikia mwanao akisoma peke yake. Mwombe aandike neno moja tu ubaoni, mtoto akae pale pale anapokaa kila siku, na nyote wawili mmsikilize akilisoma.