Miongozo ya presha: Mgonjwa afuate nambari ipi?

MKAZI wa Kayole anayepimwa presha na kupata 134 kwa 84 anaweza kupewa majibu mawili tofauti siku hiyo hiyo. Katika zahanati ya mtaani ataambiwa kwamba hajafikia kiwango cha kuanzishiwa dawa. Akimpigia simu jamaa yake aliyeko Marekani, ataelezwa kuwa huko kipimo hicho tayari huhesabiwa kuwa maradhi.

Wote wawili watakuwa wamesema kweli. Tofauti haiko katika mwili wa aliyepimwa, bali katika mwongozo unaofuatwa na daktari. Asiyeielewa tofauti hiyo anaweza kudhani kuwa madaktari wanabahatisha, na kuziacha dawa zinazomkinga dhidi ya kiharusi.

Shinikizo la damu hupimwa kwa milimita za zebaki. Nambari ya juu huonyesha nguvu ya damu wakati moyo unapojikaza kuisukuma, nayo ya chini huonyesha nguvu inayosalia moyo unapopumzika.

Mwongozo wa kitaifa wa kutibu magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, uliotolewa na Wizara ya Afya ya Kenya mwaka 2018, huanza kumhesabu mtu kuwa mgonjwa anapofikia 140 kwa 90. Chama cha Kimataifa cha Shinikizo la Damu kilitumia mpaka uo huo katika mwongozo wake wa mwaka 2020.

Marekani ilichukua njia nyingine. Mwaka 2017, vyama vya wataalamu wa moyo nchini humo viliteremsha mpaka hadi 130 kwa 80, na vikaushikilia tena katika mwongozo wa mwaka 2025. Kwa uamuzi wa 2017, watu wazima waliohesabiwa kuwa na presha nchini humo waliongezeka kutoka takriban asilimia 32 hadi 46. Hata hivyo, wengi wa walioongezeka hawakutakiwa kumeza dawa, bali kubadilisha mienendo ya maisha.

Uamuzi huo ulitokana kwa kiasi kikubwa na utafiti uitwao SPRINT, uliochapishwa mwaka 2015 baada ya kuwafuatilia zaidi ya watu 9,300. Wale ambao madaktari walilenga kuiteremsha nambari yao ya juu chini ya 120 walipatwa na maradhi ya moyo na vifo kwa uchache kuliko waliolengewa chini ya 140. Lakini pia walizirai na kupata matatizo ya figo mara nyingi zaidi, na wagonjwa wa kisukari hawakuhusishwa katika utafiti huo.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilisimama katikati. Lilipendekeza dawa zianze kutolewa kwa 140 kwa 90, lakini aliyekwisha kuugua maradhi ya moyo au kiharusi aanzishiwe nambari ya juu inapofikia 130. Aidha, lilishauri kwamba wenye kisukari, maradhi ya figo au hatari kubwa ya kupata maradhi ya moyo wafikiriwe vivyo hivyo.

Kwa hivyo, majirani wawili wa Umoja wenye kipimo kimoja cha 134 wanaweza kutibiwa kwa njia mbalimbali, bila daktari yeyote kukosea.

Kuhusu aina ya dawa, Uingereza humshauri daktari kumwanzishia mtu mwenye asili ya Kiafrika, asiye na kisukari, dawa za kulegeza mishipa kama vile amlodipini. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha wagonjwa 728 katika mataifa sita ya Afrika, Kenya ikiwemo, uliunga mkono dawa hiyo. Amlodipini ikichanganywa na dawa nyingine moja ilishusha presha kuliko mchanganyiko usiokuwa nayo.

Pamoja na tofauti hizo, kuna mengi ambayo miongozo hiyo inakubaliana. Kipimo kimoja hakitoshi, isipokuwa presha ikiwa juu mno. Anayepimwa aketi kwa utulivu kwa dakika tano, mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo, na kipimo kirudiwe siku nyingine. Chumvi ipunguzwe, ikiwemo ile inayonyunyizwa kwenye chipsi na kachumbari. WHO hupendekeza isizidi gramu tano kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote.

Katika mitaa ya Eastlands, tatizo kubwa zaidi ni kutopimwa kabisa. Utafiti uliofanywa Korogocho na Viwandani kati ya 2008 na 2009 ulibaini kuwa, miongoni mwa waliokuwa na presha, takriban mmoja tu kati ya watano ndiye aliyejua. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 nao ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawakuwa wamewahi kupimwa.

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu, lakini mvua hii aghalabu hunyesha pasipo wingu. Wengi hawaumwi kichwa wala kuhisi kizunguzungu hadi mshipa unapopasuka au kuziba.

Nafuu ni kwamba kipimo kimesogezwa karibu. Mnamo Septemba 2023, serikali ilizindua mpango wa kuwapa wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii vifaa vya kazi, zikiwemo mashine za kupimia presha nyumba kwa nyumba.

Anayepatikana na 140 kwa 90 au zaidi hana haja ya kusubiri miongozo ikubaliane, kwani katika kiwango hicho yote humtaka aende kwa daktari. Mwenye kati ya 130 na 139 aulize kuhusu kisukari, figo na moyo wake. Naye aliyeanza dawa asiziache kwa sababu presha imeshuka, kwa kuwa mara nyingi ni dawa hizo zilizoishusha.